Mashilingi Chini ya Rasta

Saluni ya mama ilinuka dawa ya nywele, mafuta ya nazi na ncha za rasta zilizochomwa kwa kiberiti, na chini ya harufu hizo zote kulikuwa na vumbi. Kitengela ya utoto wangu ilikuwa na misimu miwili tu, wa vumbi na wa matope, na ule wa matope ulikuwa mfupi. Malori ya kwenda Namanga yalipita mbele yetu mchana kutwa. Vumbi likaingia mlangoni bila hodi, likatua juu ya kioo, juu ya viti vya plastiki na juu ya vichwa vilivyokwisha kupakwa mafuta, na mama akalipangusa kwa kitambaa kibichi bila kukatiza umbea aliokuwa akiusikiliza. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati kilichopakwa rangi ya waridi, kati ya duka la chakula cha mifugo na kibanda cha fundi wa viatu, na rangi yenyewe ilikuwa imepauka upande unaopigwa na jua. Hata leo nikipita mahali ambapo ncha za rasta zinachovywa kwenye maji ya moto, hupunguza mwendo, nikasimama kidogo, nikavuta hewa ile kifuani kabla ya kuendelea na safari yangu.

Mama alikuwa ametoka kwenye mashamba ya maua. Wakati nikiwa mdogo sana alikuwa akiamka kabla ya jogoo, akapanda gari la kampuni na kwenda kukata waridi ndani ya nyumba za plastiki zenye joto la kuchemsha mtu, akirudi jioni na macho mekundu kwa dawa na vidole vimechanwa na miiba. Saa ya chakula aliwasuka wenzake, na wenzake ndio waliomwambia kwamba mkono wake ulikuwa umepotea kwenye maua. Alipoacha kazi ile na kufungua saluni, majirani walisema hatamaliza mwaka. Baba alikuwa akiendesha lori la mawe na hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hata yeye alimuuliza kama ana hakika. Mama alijibu sentensi moja ambayo niliisikia mara nyingi baadaye kila mambo yalipokuwa magumu: "Nitauza hata mahindi ya kuchoma kwa barabara, lakini kwa maua sirudi." Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la tano na nilijua jambo moja kwa hakika: saluni ile ikifungwa, mama atarudi kwa maua.

Saluni ilisimama au kuanguka kwa mwezi wa Desemba. Miezi mingine wanawake walisuka nywele zao majumbani, jirani kwa jirani, au walifunga kilemba wakasubiri mambo yawe mazuri. Ikifika Desemba hakuna aliyetaka kufika kwa mama mkwe Murang'a au Kitui akiwa na kichwa cha mwezi uliopita. Walikuja na mifuko ya rasta, na watoto wao, na chai kwenye chupa, na mama akasuka hadi vidole vikakataa kukunjuka. Saluni nyingine za barabara ile zilikuwa na picha za wanawake zilizochorwa ukutani, wenye shingo ndefu na macho ya paka. Mama hakuwa na picha. Alikuwa na mimi. Nywele zangu zilikuwa ndefu na nyingi, nilizirithi kwa nyanya upande wa baba, na kila Jumapili alinisuka mtindo mpya. Siku za likizo nilikaa kwenye benchi pale nje nikichambua rasta, na mwanamke akipita alisimama, akanizungusha kichwa kwa vidole viwili, akamwambia mama, "Nataka kama ya huyu." Nilijivuna mno. Nilitembea nimenyoosha shingo hata nikitumwa kununua chumvi.

Maziwa tuliyanunua kwa Mama Naisula, ambaye boma lake lilikuwa nyuma ya ploti za mwisho, pale mabati yalipoishia na nyasi zilipoanzia. Kazi ya kwenda kuyachukua jioni ilikuwa yangu na nisingemwachia mtu. Mama Naisula alinifundisha kusalimia kama mtoto wa pale: ukifika mbele ya mtu mzima unainamisha kichwa, naye anakuwekea kiganja utosini. Kwetu sisi watoto tulishikana mikono na watu wazima, basi, lakini salamu hii ya kichwa niliipenda. Niliinama, kiganja chake kikakaa juu ya rasta zangu mpya, akasema, "Shiru, leo umependeza," na mimi nikawa nimepata mshahara wangu wa siku. Mwaka ule mvua ilikataa. Ng'ombe wakubwa, isipokuwa wachache wa kukamuliwa, walipelekwa mbali kutafuta nyasi, na ndama wakabaki kwenye kizizi kidogo kando ya nyumba, wakilishwa kwa mkono. Mmoja wao, ndama jike mwekundu, alikuwa na duara za kijivu zimezunguka macho yote mawili, kavu kama majivu yaliyoganda. Tulimwita Miwani. Naisula, binti wa pale aliyekuwa rika langu, alisema Miwani ndiye msomi wa boma. Mimi nilikaa kwenye kizizi nikimsubiri Mama Naisula amalize kukamua, kichwa changu kimeegemea shingo ya Miwani, naye akinisugua na kunilamba nywele kwa ule ulimi wao wa msasa. Hakuna mtu mzima aliyetuambia kitu. Ndama wengi walikuwa na alama zile, na zilikuja na kuondoka zenyewe.

Mwasho ulianza nyuma ya sikio la kulia, juu kidogo, mahali ambapo kidole hufika chenyewe bila kufikiri. Mama aliangalia, akaona magamba meupe, akasema ni mba wa vumbi, akanipaka mafuta. Magamba yakawa duara. Nywele za ndani ya duara zikaanza kukatika karibu na ngozi, akapaka mafuta zaidi. Kisha pale mahali pakavimba, pakawa laini kama nyanya iliyoiva sana, na vitundu vidogo vikaanza kutoa usaha. Mama akasema ni jipu. Alichemsha maji ya chumvi, akanishika kichwa katikati ya magoti yake, akakamua, na mimi nikapiga kelele hadi fundi wa viatu akaja kuuliza kama kuna mtu anachinjwa. Duka la dawa walitupa vidonge vya rangi mbili. Nilivimaliza, uvimbe ukabaki pale pale na mtoto wake mdogo kando.

Nasema haya nikijua mama hakuwa mjinga. Alijua mashilingi anapoyaona, maana watoto wengi wa Kitengela walikuwa nayo vichwani, yale mapunye ya kawaida makavu, duara kama sarafu, ambayo akina mama walipaka kila kitu kuanzia dawa ya meno hadi mafuta taa. Lakini haya yangu hayakufanana na hayo. Yalikuwa na maji na joto. Na zaidi ya hayo, Novemba ilikuwa inakwisha, wateja wa kwanza wa Desemba walikuwa wameanza kuuliza nafasi, na bango lake la saluni lilikuwa na kidonda. Kwa hiyo alifanya kile mikono yake ilichokijua. Jumapili moja alinikalisha chini, akanisuka rasta nyingi nyembamba, akaziacha zile za upande wa kulia ziwe ndefu zaidi na zianguke juu ya sikio. Alisuka kuzunguka uvimbe kwa ustadi ambao sijawahi kuuona tena, akivuta nywele kutoka mbali ili zipite juu yake zifunike. Machozi yalinitoka lakini sikulia kwa sauti. Alipomaliza alinigeuza mbele ya kioo na hakuna aliyeweza kuona kitu. "Usiguse," akaniambia. "Itakauka huko ndani."

Haikukauka. Chini ya rasta kulikuwa na giza na jasho na mafuta, na ugonjwa ule ulifurahi sana. Nililala upande mmoja tu. Harufu ilianza, kidogo kidogo, na mama akaninyunyizia manukato. Ndipo akaja Mama Ken, muuza mitumba wa sokoni, mwanamke wa Machakos mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa barabara. Alikuwa mteja mkubwa, si kwa sababu ya nywele zake tu, bali kwa sababu alichoona Mama Ken leo, soko zima lilikijua kesho. Alikaa tangu asubuhi. Mama alikuwa amemaliza upande wa kushoto na nusu ya kisogo, na mimi nilikuwa nimesimama kando nikimpa mama nyuzi za rasta moja moja. Niliinama kuokota uzi ulioanguka. Rasta ndefu zikateleza mbele, na kitu cha moto kikatiririka kutoka nyuma ya sikio hadi shingoni. Mama Ken alikiona kwenye kioo.

"Ngai!" akasema. "Mama Shiru, mtoto ananuka na anatoa maji. Hiyo ni nini?"

"Ni jipu tu," mama akajibu haraka.

Mama Ken alinyoosha mkono, akainua rasta zangu kama mtu anayeinua nguo kwenye rundo la mitumba. "Jipu gani hii? Hii ni mashilingi imeoza! Na hiyo chanuo uko nayo, si ndiyo umetumia kwa huyu mtoto?" Mama alilirudisha chanuo mfukoni, na hilo lilitosha. Mama Ken alisimama, akajifunga leso kichwani juu ya nusu iliyosukwa na nusu isiyosukwa, akachukua mkoba wake na kuvuka barabara bila kuangalia malori. Mwanamke aliyekuwa akingoja kwenye benchi alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni.

Kesho yake hakuja mtu. Kesho kutwa alikuja msichana mmoja, akachungulia, akauliza njia ya kwenda posta ambayo kila mtu aliijua, akaenda. Mama alifagia sakafu iliyokuwa safi. Alipanga mafuta kwenye rafu, akayapangua, akayapanga tena. Mimi nilikaa kwenye kona nikiwa nimejifunika kichwa kwa sweta la shule, nikiona aibu kiasi kwamba nilitamani kichwa kile kiwe cha mtu mwingine. Nilijua nilichokifanya: nilikuwa nimemrudisha mama kwenye maua. Mchana mwanamke aliyefanya naye kazi zamani alipita kumsalimia, akamwambia kwa nia njema kabisa kwamba kampuni inaandika watu kwa ajili ya maua ya Februari, yale ya wapendanao. Mama alimshukuru. Alipoondoka, mama aliweka ufagio chini, akasema, "Kesho tunaenda Kajiado." Akafunga mlango wa saluni kwa kufuli mchana kweupe, mwanzoni mwa Desemba, huku saluni zote za jirani zikiwa zimejaa.

Hospitali ya Kajiado tulifika mapema na bado tulikuta foleni imetangulia. Daktari alikuwa msichana, au niseme alionekana msichana mbele ya mama, mwembamba, mwenye nywele zake fupi za asili. Alipoona kichwa changu hakushtuka wala hakufinya pua. Alimwambia mama atoke nje anifumue rasta zote, kisha turudi. Basi mama akanikalisha kwenye benchi ya ukumbini, mbele ya watu waliokuja na kikohozi na watoto wao wenye homa, akaanza kufumua. Sijawahi kuona mikono ikienda kasi vile. Kazi ya siku nzima aliivunja kabla foleni haijasogea sana, rasta zikaanguka kwenye mfuko wa karatasi, na kila aliyepita aliangalia. Mama hakumfichia mtu. Nadhani alikuwa amefika mahali ambapo aibu ilikuwa imeisha, na baada ya hapo mwanamke yule hakuwa na kitu cha kumzuia.

"Mama, hii si jipu," daktari akasema tuliporudi. "Usikamue tena. Ni kuvu, ile ile ya mashilingi, lakini hii imepata hasira, ngozi inapigana nayo. Mafuta ya kupaka haifiki kwa mizizi. Atakunywa vidonge, na atakunywa wiki nyingi, hata ukiona amepona usiache mpaka mimi niseme." Kisha akanigeukia mimi, si mama, akaniuliza kama nyumbani kuna paka, mbwa au ng'ombe.

"Kuna Miwani," nikasema.

"Miwani ni nani?"

"Ni ndama. Ako na miwani ya kijivu kwa macho, imezunguka hivi."

Daktari alicheka, halafu akaacha kucheka. Alitueleza kwamba ile miwani ndiyo mashilingi ya ndama, na kwamba inapotoka kwa mnyama kuja kwa mtoto mara nyingi huwaka namna hii. Mama alinitazama kana kwamba ameniona mara ya kwanza. Lakini hakuuliza juu ya ndama. Aliuliza, "Nywele zitamea?" Daktari aliangalia kichwa tena kwa tochi, taratibu, akasema upande mwingi utamea vizuri. Hapo katikati palipovimba kwa muda, hawezi kuahidi, kwa sababu mizizi huungua. Aliongeza kwamba vidonge vinataka kunywewa na chakula chenye mafuta, maziwa ni mazuri sana. Vitana viloweshwe kwenye dawa ya kung'arisha nguo, mto na kofia zichemshwe, nywele zinyolewe fupi ili dawa ya kuoshea ifike. Mama alisikiliza kila neno huku midomo ikisogea, akiyaweka kichwani.

Njiani kurudi nilijua anakwenda wapi kabla hatujafika. Alinipitisha kwanza kwa kinyozi, kisha moja kwa moja kwa Mama Naisula, akitembea mbele yangu kwa hatua za mtu anayekwenda kudai haki yake. Alianza kusema akiwa bado langoni. "Mama Naisula! Ndama yako imeniharibia mtoto! Imeniharibia kazi! Kwa nini hukutuambia hiyo ni ugonjwa?" Mama Naisula alitoka akiwa na kibuyu mkononi. Alisimama mbele yetu, na mimi, kwa mazoea tu, kabla sijafikiri, nikainamisha kichwa. Kilikuwa kimenyolewa, kina dawa ya zambarau tuliyopewa hospitali na kidonda wazi. Nilikumbuka nikiwa nimeshainama na nikatamani ardhi inimeze.

"Usimguse!" mama akapiga kelele. "Hiyo kitu inaambukiza!"

Mama Naisula aliweka kibuyu chini. Akaniwekea kiganja kichwani, upande ule mzima, akakiacha hapo kwa muda mrefu kuliko salamu ya kila siku. "Huyu amenisalimia," akamwambia mama. "Sasa mimi nikatae salamu ya mtoto? Sisi watoto yetu yote imepata hiyo kitu, Naisula amepata, imeisha. Sikujua inaweza kuwa hivi. Ningejua, ningeficha wewe kwa nini?"

Nilikuwa bado nimeinama na nilisikia pumzi ya mama ikishuka. "Basi nawa hiyo mkono na sabuni," akasema hatimaye, kwa sauti nyingine. "Daktari amesema lazima sabuni." Mama Naisula akasema ataosha, aletewe hiyo sabuni. Alipokuwa akinawa, mama alimweleza habari ya vidonge na maziwa, na Mama Naisula akasema maziwa ya dawa ya mtoto hayataongezwa maji na hayatakosa, hata ng'ombe wote wakauke atanikamulia mbuzi. Miwani alifungiwa peke yake hadi afisa wa mifugo alipoleta dawa ya kumpaka, na mimi nikakatazwa kizizi. Nililia kwa ajili ya Miwani kuliko nilivyolilia nywele zangu, na siioni kuwa ni kitu cha kucheka hata sasa.

Asubuhi iliyofuata mama alifungua saluni. Alitoa beseni kubwa, akalijaza maji na dawa ya kung'arisha nguo, akaliweka nje mlangoni ambapo kila mpita njia angeliona, akatumbukiza ndani vitana vyote, machanuo yote, vibanio vyote. Viti alivisugua. Taulo zilichemka kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, nje, hadharani. Alitaka nibaki nyumbani hadi nipone. Nilikataa. Sikuwa mtoto wa kukataa mambo, na nilishangaa kusikia sauti yangu, lakini nilimwambia kwamba nikikaa nyumbani watu watasema nimefichwa. Mama alifikiri, akanikabidhi brashi. Nikaketi kando ya beseni na kipara changu kikiwa wazi kwenye jua, nikisugua vitana. Waliosimama kutazama, mama aliwaambia wazi: "Mtoto wangu ako na mashilingi, anakunywa dawa ya hospitali. Vitana ndio hizo. Anayeogopa, aende na amani."

Wengi walikwenda na amani. Saluni za jirani zilivuma kama mizinga ya nyuki, na sisi tulikaa na beseni letu. Lakini kuna jambo ambalo Mama Ken hakulifikiria alipovuka barabara. Kila msusi ana mkono wake. Mmoja hukaza, mwingine hulegeza, mmoja huanzia rasta chini kabisa, mwingine huacha nafasi, na mikono miwili juu ya kichwa kimoja huonekana hata na kipofu. Msusi anayejiheshimu hamalizii kazi ya mwenzake. Mama Ken alizunguka Kitengela yote akiwa na nusu ya kichwa chini ya leso, na kila saluni ilimwambia neno moja: tufumue tuanze upya, na uingie mwisho wa foleni. Safari yake ya Machakos ilikuwa imekaribia. Alirudi kwetu siku ya soko, leso imeshuka hadi kwenye nyusi, akasimama mbele ya beseni.

"Mama Shiru, nimalizie," akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama alikuwa nayo.

"Umekuja na chanuo yako?" mama akauliza.

"Chanuo yangu? Mimi?"

"Kila mtu sasa anakuja na yake. Na kabla uingie, kaa hapo kwa jua nikague kichwa."

"Wewe ndio unikague mimi!"

"Mimi."

Fundi wa viatu aliacha kugonga. Mama Ken alimtazama mama, akanitazama mimi na brashi yangu, akatazama nusu ya rasta iliyokuwa ikimning'inia begani. Kisha akaketi kwenye benchi, akafungua leso mbele ya barabara nzima. Mama alimpitia kichwa mstari kwa mstari, akigawa nywele kwa vidole, akimgeuza kwenye mwanga, bila haraka, bila tabasamu. "Uko sawa," akasema. "Nunua chanuo hapo dukani, kisha uingie." Mama Ken alinunua. Na kwa kuwa alikuwa Mama Ken, ilipofika jioni soko zima lilijua kwamba kwa Mama Shiru huwezi kuguswa kichwa kabla hakijapita ukaguzi, naye alilisema hilo kana kwamba yeye ndiye aliyelibuni. Wakaanza kuja, kwanza wale waliokosa nafasi kwenye saluni nyingine, halafu wenye watoto, ambao kumbe walikuwa wanaogopa mashilingi siku zote na hawakuwa wamepata mahali pa kuyataja. Baadhi waligundua palepale kwenye benchi kwamba watoto wao wanayo. Mama hakuwasuka. Aliwaelekeza Kajiado.

Desemba ile haikuwa kubwa kama zilizotangulia. Ilitosha. Februari ilipofika na magari ya kampuni yakapita alfajiri kuchukua watu wa maua, mama alikuwa amelala, nami nilikuwa bado nakunywa vidonge vyangu kwa maziwa ya Mama Naisula, hata baada ya ngozi kukauka na nywele kuota kichwa kizima zikiwa laini kama za mtoto mchanga. Zilimea kila mahali isipokuwa pale nyuma ya sikio. Hapo ngozi ilibaki nyororo, inang'aa, upana wa kifuniko cha chupa. Mama alinipeleka tena kwa daktari, daktari akapapasa, akasema kwa upole kwamba hapo pameshafungwa. Mama alisema asante. Tangu siku hiyo aliendelea kunisuka kila Jumapili na vidole vyake vilipita pembeni ya mahali pale bila kupagusa, na kwa miaka mingi hatukuwahi kupazungumzia, si kwa utani wala kwa huzuni.

Sasa mimi ni mwalimu Kajiado na nywele zangu nimezikata fupi kwa kupenda kwangu, kwa hiyo kifuniko changu cha chupa kinaonekana na kila mtu. Mahali pa boma la Mama Naisula pamesimama ghorofa zenye balkoni za vioo. Yeye na watu wake walihamia mbali zaidi, upande wa Isinya. Saluni ya mama iko ndani ya jengo la mawe, ina maji ya bomba na wasichana wawili wa kazi, na ukutani kuna mashine ya kuua vijidudu inayotoa mwanga wa buluu. Watu wanaweza kusoma kuhusu kuvu za ngozi na nywele kwenye simu wakiwa wamekaa kwenye kiti. Ningependa kusema kwamba aibu nayo imehama. Haijahama. Desemba iliyopita nilikuwa pale likizoni mama mmoja kijana alipoingia na binti yake aliyevishwa kofia ya sufu hadi masikioni katika joto la mchana, akauliza kwa kunong'ona kama mtoto anaweza kusukwa kitu cha kufunika. Saluni mbili zilikuwa zimemkatalia. Mama, ambaye sasa vidole vyake vimevimba kwenye viungo na husuka wateja wachache tu, alimvua mtoto kofia kwa mkono wake mwenyewe. Nilijua uvimbe ule kabla sijauona vizuri.

"Shiru, kuja uinamishe kichwa," mama akaniita mbele ya wateja wote. Nikaenda, nikainama mbele ya mtoto yule. Mama akamshika kidole chake kidogo, akakiweka nyuma ya sikio langu, pale ambapo yeye mwenyewe hakupagusa tena tangu nipone. Mtoto alipapasa. Akauliza lile ambalo watu wazima hawaliulizi: "Mbona hapa haikumea?"

Nilingoja mama aseme ni ndama. Nilingoja aseme ni Mungu, au ni mizizi, kama daktari alivyosema.

"Kwa sababu mimi nilisuka juu yake," mama akasema. Kiganja chake sasa kilikuwa kichwani mwangu pamoja na mkono wa mtoto. Akamgeukia yule mama kijana. "Gari za Kajiado ziko hapo ng'ambo. Enda leo."